Naomba ushauri: utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, mgonjwa ni mtu mzima

Wakuu habari zenu, na shikamooni kwa wanaostahili. Hasa madaktari wa upasuaji mliomo humu, naombeni mawazo.

Kaka yangu ana miaka 41. Kwa karibu miezi mitatu sasa tumbo linamkata kwa vipindi: anakula, baada ya saa moja hivi linaanza kusokota kuzunguka kitovu, anatapika, anajikunja magoti kifuani, kisha linaachia kama vile hakuna kilichotokea. Katibiwa vidonda vya tumbo mara mbili, wapi. Ultrasaundi mbili zilikuwa safi, ila zote alipimwa akiwa hana maumivu (nadhani hapo ndipo tulipokosea).

Wiki iliyopita akapigwa picha ya CT scan maumivu yakiwa yamepamba moto. Majibu: kipande cha utumbo mwembamba kimeingia ndani ya kingine, kama soksi iliyokunjwa. Mimi nilijua hilo ni la watoto wachanga! Jioni likaachia lenyewe. Damu yake ni 9.8 (iko chini) na amepungua kilo 6.

Daktari wa kwanza anasema kipande ni kifupi na kimejirudi, tusubiri. Wa pili anasema kwa mtu mzima mara nyingi kuna kivimbe kinachovuta utumbo, apasuliwe. Hiyo damu na uzito vinanivuta kwa huyu wa pili.

Je, kuna kipimo cha kuona utumbo mwembamba wote kabla ya kupasua, maana kamera ya mdomoni iliishia mwanzoni tu? Na akipasuliwa, kile kipande hukatwa au hunyooshwa tu?

Likimbana tena tunakimbia hospitali, hilo tumeshaambiwa.