Naombeni ushauri: "Hello, Dolly!" ya nani ipigwe bi harusi mtu mzima akiingia ukumbini?

Binti Gungu:
Wakuu, habari za jioni. Kamati imenikabidhi suala la muziki na harusi ni Jumamosi hii, hapa Kigoma. Usingizi sipati.

Bi harusi ni mtu mzima, mjane, anaolewa tena. Nataka aingie na "Hello, Dolly!". Kila nikitafuta napata ya mtu mwingine: Louis Armstrong, Carol Channing, Ella Fitzgerald, Pearl Bailey, Barbra Streisand. DJ anataka moja tu, na anaitaka kesho. Mwenye ujuzi aniambie ipi inamfaa mtu anayetembea polepole, magoti yanamsumbua, na kutoka mlangoni hadi meza kuu ni mwendo.

Nawasilisha.

Kisu Butu:
Harusi ya Kigoma, wimbo wa Kizungu. Taarabu imewakosea nini?

Santuri:
Mleta mada, umefika penyewe. Huo ndio wimbo wenye jina la mchezo wenyewe, ule wa kuigiza na kuimba uliofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ukumbi wa St. James, tarehe 16 Januari 1964. Muziki na maneno ni ya Jerry Herman. Armstrong, yule mwimbaji na mpiga tarumbeta, aliurekodi Desemba 1963, kabla hata pazia halijafunguliwa, kwa sababu wachapishaji walitaka kitu cha kuutangazia mchezo. Mei 1964 ukashika namba moja Marekani na kuwang'oa Beatles, bendi ya Uingereza, waliokuwa wamekaa pale juu wiki 14 mfululizo kwa nyimbo tatu tofauti. Armstrong ana miaka 62 wakati huo.

Sasa tofauti zake. Ya Armstrong inaanza na banjo, inachangamka tangu mwanzo, na ni dakika mbili na nusu hivi. Bi harusi wako hatafika nusu ya ukumbi, imekwisha. Ya Channing, kwenye santuri ya waigizaji wa kwanza, inapita dakika tano. Inaanza taratibu, mwanamke anashuka ngazi za mgahawa, kisha wahudumu wanaingia kwa kundi na mwendo unapanda. Ya Pearl Bailey ni ya 1967, waigizaji wote weusi, akiwa na Cab Calloway. Anaimba kama anayepiga soga na watu wa mtaani kwake, na kwangu mimi hakuna aliyemfikia. Ya Streisand ni ya filamu ya 1969, na humo Armstrong mwenyewe anajitokeza wakaimba pamoja. Ni nzuri, lakini yule ni binti wa miaka ishirini na kitu amevishwa ujane.

Kwa magoti mabovu chukua Channing au Bailey.

Fundi Spika:
Santuri kamaliza. Mimi naongezea la kiufundi, usimwachie DJ apakue siku ile ile. Kuna harusi moja Morogoro niliambiwa wimbo uko mtandaoni, maharusi wamefika mlangoni, mtandao ukagoma. Nikaweka kilichokuwa karibu, kikawa wimbo wa kumpa mtu talaka. Mama mzazi wa bwana harusi hajanisalimia hadi leo, na tunakaa mtaa mmoja. Weka kwenye flashi mbili, zijaribiwe kwenye mashine ile ile itakayotumika.

Mama Wawili:
Mimi nina swali la kawaida tu. Bi harusi ni nani kwako? Na yeye mwenyewe kasema anautaka wimbo huo?

Binti Gungu:
Ni ndugu wa karibu. Tubaki kwenye wimbo jamani. @Santuri, hivi ya Armstrong haiwezi kurudiwa mara mbili ili imtoshe njiani?

Mama Wawili:
Ndugu wa karibu ndiye nani? Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya banjo. Umeelezwa vizuri kwamba ya Armstrong ni fupi, na bado unaing'ang'ania. Sema ukweli tukusaidie.

Binti Gungu:
Haya. Bi harusi ni mama yangu mzazi.

Marehemu baba alikulia Elisabethville, kule Kongo, kwa baba yake mdogo, na mwaka 1960 alimwona Armstrong kwa macho yake. Wimbo huu aliupenda mpaka anaingia kaburini. Santuri yake tunayo nyumbani. Kila Jumapili tukirudi kanisani anaiweka, anamwita mama "Dolly", mama anajifanya hasikii huku anapepeta mchele. Kuna mkwaruzo pale tarumbeta inapoingia, sindano inaruka, na sisi watoto tulizoea kuimba na ule mruko wake kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Nimeshampa fundi akaihamishia kwenye flashi, na mkwaruzo nimemwambia asiufute. Kuna kijana wa tarumbeta nimempa advansi, atasimama mlangoni apige kile kipande kinachoruka. MC nimemwandikia aseme ni zawadi ya watoto. Mama hajui. Bwana harusi hajui.

Msinielewe vibaya. Baba mdogo huyu mpya ni mtu mwema, simpingi. Ila mama amekaa miaka bila kuugusa huo wimbo, na najua akiusikia atafurahi. Mimi ni mwanawe, namjua.

Mama Wawili:
Kwa hiyo ulikuja kutuuliza ipi wakati umeshachagua.

Mzee wa Baraza:
Binti, mama yako ametimiza wajibu wake kwa marehemu, kamzika, kamlilia, kakulea. Siku ya ndoa ni ya wale wawili mbele ya Mungu. Mtoto hana mamlaka ya kumleta marehemu ukumbini. Halafu vijana wa siku hizi mnapenda mambo ya kushtukiza watu. Mtu mzima hashtukizwi, anaombwa.

Shangazi wa Tandika:
Mzee wa Baraza usimkaripie, huyo mtoto anamlilia baba yake, na hajui pa kulilia ila kwenye sherehe. Mwanangu, pole sana.

Mvuvi wa Kibirizi:
Mimi nilioa mjane. Picha ya marehemu ilikuwa sebuleni, na wala sikuwahi kuomba itolewe. Tulikuwa tunakula tukitazamana naye. Kilichoniumiza ni siku moja kaka yake mke wangu kusimama kwenye ubarikio na kutoa hotuba nzima juu ya marehemu, mimi nimekaa pale na suti niliyonunua kwa mkopo. Hakunitukana, ila watu wote walinigeukia waone uso wangu uko vipi. Huyo bwana harusi wako atageukiwa hivyo hivyo tarumbeta ikilia. Kama alikuwa anajua mapema, atacheza. Kama hajui, atakaa na uso huo mpaka keki ikatwe.

Binti Gungu:
Mvuvi, nimekusikia. Lakini MC hatamtaja baba. Wageni hawataelewa kitu, watasikia muziki tu.

Mvuvi wa Kibirizi:
Ndugu wa baba yako hawajaalikwa?

Binti Gungu:
Wamealikwa.

Kisu Butu:
Subirini kwanza. Wakuu, hii ni chai. Santuri katuambia wimbo umerekodiwa Desemba 1963. Mleta mada anasema mzee kamwona Armstrong 1960 akaupenda wimbo. Ameupendaje kabla haujatungwa? Halafu Armstrong kubwa zima lije Kongo kufanya nini? Mkwaruzo, mchele, Jumapili, tarumbeta mlangoni... huyu anaandika hadithi, anatupima kama tutalia.

Chumvi Kidogo:
Nilishaanza kutafuta leso. Chai, na sukari imezidi.

Binti Gungu:
Kisu Butu, rudi usome. Nimesema alimwona Armstrong 1960. Sikusema aliusikia wimbo huo siku hiyo. Santuri aliipata baadaye, akiwa ameshahamia Kigoma na ana mshahara. Alikuwa akisema aliinunua kwa sababu ile sauti alishaiona inatoka mdomoni mwa mtu. Unaweza kunipinga kwenye mambo yangu yote, lakini si kwa baba yangu.

Wa Katanga:
Niko Lubumbashi, hiyo Elisabethville ya zamani. Armstrong alifika Kongo mwaka 1960 katika ziara iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Léopoldville, Kinshasa ya leo, walimbeba juu juu kwenye kiti kama mfalme. Huku kwetu alipiga Novemba. Wakati huo Katanga, jimbo letu hili, ilishajitenga na Kongo tangu Julai chini ya kiongozi wake Tshombe, na Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa, amezuiliwa nyumbani kwake kule Léopoldville. Watu walimpenda yule mzee bila kupenda waliomtuma, na bado tunabishana juu ya hilo. Kwa hiyo mtoto wa mwaka ule kumwona si chai. Pole, dada.

Kisu Butu:
Sawa, la Kongo nimelikubali. Lakini mkwaruzo pale pale tarumbeta inapoingia? Mmh.

Santuri:
Santuri zinachakaa pale watu wanapoinua na kurudisha sindano, na kipande hicho kila mtu anakirudia. Mimi ninazo za namna hiyo kabatini. Tuache hilo.

Binti Gungu, mwanzoni nilijibu habari za dakika kwa sababu ndizo ulizouliza. Sasa ngoja nikueleze mchezo wenyewe. Dolly ni mjane. Kazi yake ni ushenga wa kulipwa, anaunganisha watu New York. Marehemu mumewe anaitwa Ephraim, na katika mchezo mzima Dolly anaongea naye, anamwomba amwachie aolewe na Horace, mfanyabiashara wa Yonkers, na ampe ishara. Wimbo unaingia pale anaporudi mgahawani Harmonia Gardens, alikokuwa mtu wa watu enzi za mumewe, na wahudumu wanamkumbuka. Na ishara inakuja mwishoni, Horace anapotamka maneno ya Ephraim kuhusu pesa bila kujua yametoka kwa nani.

Sasa angalia nani anaimba. Jukwaani Dolly ndiye anayeanza, anawasalimia wale wanaume mmoja mmoja na kusema amerudi kwake. Hajaitwa na mtu, kaja mwenyewe. Armstrong alipouchukua akawa yeye ndiye anayemkaribisha Dolly, mwanaume anamsifu mwanamke. Baba yako alimwimbia mama kwa ule wa Armstrong na ukamkaa. Ukiupiga Jumamosi, anayemkaribisha mama ukumbini ni baba yako, na kwenye meza kuu amesimama mwanaume mwingine anamsubiri. Ukipiga wa Bailey, anayeingia ni mama.

Wimbo ni ule ule. Mama ataujua kwa noti mbili za kwanza.

Shangazi wa Tandika:
Santuri, Mungu akubariki. Mwanangu, ile ya baba ipigeni nyumbani Ijumaa usiku, mama na watoto wake tu, hata ikiruka mara kumi. Na kabla ya hapo umwambie.

Binti Gungu:
Kijana wa tarumbeta nimeshamlipa.

Fundi Spika:
Aje apige na ya Bailey wakati wa kucheza, mbona rahisi. Nitumie faili nikupangie pa kuanzia.

Binti Gungu:
Nimeisikiliza ya Bailey usiku huu, nikarudia. Naona Santuri ana hoja. Ila sijakubali kwamba mama angeumia. Yule ni mama yangu, angecheka na machozi yakamtoka, halafu angeendelea kutembea. Ijumaa nyumbani, sawa. Kumwambia kabla ndipo penye mtihani, maana akisema hapana, hata nyumbani haitapigwa.

Mama Wawili:
Basi haitapigwa. Mpigie leo, usingoje Ijumaa.

Chumvi Kidogo:
Na wa video mwambie mapema, akiirusha YouTube na huo muziki wanaweza kuikata sauti.