Tupeane uzoefu: Ulipoitazama Masaan, ulikumbuka mapenzi gani ya kwenu?

Wakuu, habari za jioni. Nimerudia kuitazama Masaan, sinema ya Kihindi ya Neeraj Ghaywan ya mwaka 2015, ile iliyopata tuzo mbili kwenye tamasha la filamu la Cannes, na tangu hapo nina jambo moyoni. Ambaye hajaiona aishie hapa kwanza akaitazame, maana nitataja mambo ya ndani.

Vicky Kaushal anacheza Deepak, kijana wa jamii ya Dom, tabaka la chini, mjini Varanasi. Anasomea uhandisi, lakini kwao kazi ni moja tangu mababu: kuchoma maiti kando ya Mto Ganga. Anampenda Shaalu (Shweta Tripathi), binti wa tabaka la juu, mpenzi wa mashairi. Kwa imani ya Wahindu, anayefia Kashi, ndiyo Varanasi hiyo hiyo, hutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na huko kutoka ndiko moksha. Na kwa desturi ya pale, moto wa kumchomea hutoka kwa Dom. Sasa fikirini: mtu wa tabaka la juu anamleta baba yake, anapokea moto kwa Dom, analipa, anaondoka. Kesho yake akialikwa chai nyumbani kwa Dom yule, haendi. Ibara ya 17 ya Katiba ya India ilifuta utengano huo tangu 1950, ila moyoni mwa watu haujafutika. Mnayemwita najisi ndiye mliyemkabidhi mzazi wenu saa ya mwisho! Hilo ndilo linaloniuma.

Halafu usiku ule wa ajali ya basi. Maiti zinaletwa kwa wingi, Deepak anafanya kazi kama siku zote, mpaka anauona mkono mmoja, na kwenye kidole ile pete ya Shaalu anayoijua. Kaushal hapo hapigi kelele. Anabaki anatazama tu, kazi inaendelea pembeni yake.

Nataka tupeane uzoefu. Wewe au mtu wa kwenu, penzi liliwahi kukwamishwa na ukoo, kazi ya baba, au nasaba? Na dini ilisimama upande gani?

Mdau wa Unguja
Mwanangu, sie wa Mji Mkongwe picha za Kihindi tumezaliwa nazo. Mama zetu walikuwa na maonyesho yao ya wanawake peke yao, na Awaara ya Raj Kapoor walikuwa wakiihadithia mpaka uzeeni. Kulia kwenye sinema haikuwa aibu.

Hiyo ya Deepak mimi naijua kwa jina la kufu, yaani wachumba kulingana kwa nasaba na hadhi. Dada yangu aliposwa na kijana mwema, anasali, ana kazi yake, lakini babu yake alikuwa mchukuzi bandarini na watu walikuwa wakinong'ona kuhusu asili yake. Baba akasema, "Dini yake siikatai, lakini si kufu yetu." Posa ikarudi. Sheikh mmoja wa mtaani alimwendea baba, akamkumbusha kuwa Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, aliozwa Zaynab, binti wa shangazi yake Mtume. Baba alisikiliza kwa adabu zote, akamkaribisha sheikh kahawa, na neno lake halikugeuka. Dada akaolewa kwingine. Ana watoto wazuri, alhamdulillahi, ila kwenye harusi za watu wa mtaa ule haendi mpaka leo.

Mdau wa Nairobi
Nilikuwa dereva wa familia moja ya Kigujarati. Mzee wao alipoaga, tulimpeleka Kariokor, pale alipochomwa pia Profesa Wangari Maathai mwaka 2011. Kabla ya hapo wengi wetu tulidhani kuchomwa ni mambo ya Wahindi pekee. Kijana mkubwa ndiye aliyewasha moto, amevaa nguo nyeupe. Watu wakatoa heshima zao, wakaondoka.

Mimi nilibaki nikingoja gari lingine, nikapiga gumzo na jamaa mmoja aliyekuwa akishughulikia moto. Alikuwa Mwafrika kama mimi. Akaniambia wakwe zake wanajua yeye ni mfanyakazi wa ofisi, na mkewe ndiye aliyemwomba aseme hivyo siku za mahari. Sisi hatuna tabaka la Dom, lakini yule ndugu alikuwa anaoga na kubadilisha nguo kabla ya kupanda matatu, akinusa mikono yake mara mbili tatu. Nilipoitazama Masaan ni yeye niliyemkumbuka, kuliko mapenzi yenyewe.

Mdau aliyesoma Varanasi
Nilisoma Banaras Hindu University, chuo kilichoanzishwa 1916. Ukitoka lango la Lanka unatembea hadi Assi Ghat (ghat ni ngazi za kushukia mtoni), kisha ukifuata ngazi za mto utafika Harishchandra Ghat, kwao Deepak. Kuni zimepangwa kama ukuta, zinauzwa kwa mizani. Mbuzi wanakula maua ya njano yaliyodondoka kwenye machela. Maiti inakuja mabegani mwa watu wanaoitikia "Ram naam satya hai" (jina la Ram ndilo kweli), na joto la moto unalisikia usoni ukiwa mbali. Enzi zetu tanuru la umeme lilikuwepo, lakini wengi walitaka kuni.

Ghati lile lina kisa ambacho kila mtoto wa India anakijua. Mfalme Harishchandra aliahidi kutosema uongo, akapoteza ufalme, mwishowe akawa mtumishi wa Dom kwenye uwanja wa kuchomea maiti. Siku moja mkewe akaleta maiti ya mtoto wao wenyewe, na mfalme akamdai ada kama mtu mwingine yeyote. Picha ndefu ya kwanza ya India, ya Dadasaheb Phalke mwaka 1913, ni ya kisa hicho hicho. Kisa cha mfalme kuwa chini ya Dom wanakisifu hekaluni, Dom kuoa binti yao hawataki kusikia.

Rafiki yangu wa bweni alikuwa Dalit, yaani wa jamii zilizokuwa zikiitwa "wasioguswa". Kila alipojitambulisha kwa jina moja, swali lililofuata lilikuwa, "Jina lako lote?" Maana jina la ukoo ndilo linalotaja tabaka. Alijifunza kulitaja haraka na kuangalia usoni mwa aliyeuliza. Alikuwa na msichana darasani kwetu. Walizoea kukutana maktaba, tena meza tofauti. Tulipomaliza masomo yule dada aliozwa kwao.

Mdau wa Muscat
Mbona hamumtaji Devi? Richa Chadha amebeba nusu ya picha. Amekamatwa hotelini na mpenzi wake, kijana amejiua, polisi anamkamua baba yake mzee, mwalimu wa zamani wa Sanskrit anayeuza vitu vya ibada mtoni. Baba ana elimu yote ya maandiko na hana la kumwambia binti yake. Mimi kilichoniliza ni hicho.

Mdau wa Arusha
Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Tanga, na nimeshukuru kwamba hamjaitukana dini yangu. Naomba niongeze.

Mimi ni wa ukoo wa wafanyabiashara, mume wangu ni wa ukoo wa mafundi viatu. Wote tumekula ugali na maharage shule moja, lakini siku ya posa bibi yangu alitaja Gujarat kana kwamba tumeshuka melini jana. Mama mkwe hakubishana. Alikuja na picha ya Sant Ravidas, mtakatifu aliyekuwa fundi ngozi huko huko Varanasi, akamsomea bibi maneno yanayohusishwa naye: moyo ukiwa safi, Ganga imo ndani ya beseni la kulowekea ngozi. Bibi alikuwa akiimba nyimbo za Ravidas kila asubuhi! Alinyamaza muda mrefu, akauliza harusi ni lini. Hakuja kwenye sherehe. Alikuja mtoto alipozaliwa.

Kwa hiyo kwenye swali la dini ilisimama upande gani, kwetu ilisimama pande zote mbili.

Mdau wa Bukavu
Asanteni. Swali: mnaamini Shaalu angetoroka naye kweli, au yalikuwa maneno ya binti mdogo?

Mwanzisha uzi
Naamini, mkuu. Deepak alipomweleza kwa hasira kwamba kwao ni kuchoma maiti, yule binti alinyamaza kwanza, akaenda kufikiri. Aliporudi hakumwambia "nakupenda" peke yake. Alimwambia asome, apate kazi, na wazazi wakikataa yeye yuko tayari kuondoka. Mtu anayetanguliza kazi na nauli ameshapiga hesabu. Da wa Arusha, ukipata nafasi tueleze mzee wako alisemaje siku ile, maana umemtaja bibi peke yake.