Naomba ushauri: mgeni wa indie rock aanze na nyimbo zipi?

Habari zenu wakuu. Naandaa orodha ya nyimbo 12 za indie rock (rock ya magitaa iliyoanzia kwa bendi za lebo ndogo huru), isiyozidi dakika 45, kwa watu waliokulia kwenye rumba na bongo fleva.

Nimefungua na "Last Nite" ya The Strokes (2001): mdundo uko wazi, magitaa hayagongani. Hapo hakuna shida. Inafuata "Cape Cod Kwassa Kwassa" ya Vampire Weekend (2008). Gitaa lake jembamba linanukia Kongo, vichwa vinatikisika vyenyewe. Kasheshe ni namba tatu, "Only Shallow" ya My Bloody Valentine (1991). Sauti ya mwimbaji imezamishwa chini ya magitaa, mtu anadhani spika imepasuka. Nimeisogeza hadi namba tisa, nikatanguliza "Where Is My Mind?" ya Pixies (1988), wasikilizaji bado wanauliza maneno yako wapi. Kupunguza sauti ndiyo kabisa, unabaki mvumo tu.

Sasa, kati ya Pixies na My Bloody Valentine niweke daraja gani: gitaa chafu, ila mwimbaji asikike? Na bendi ya Pavement, wanaoimba kama wamelazimishwa, wanamfaa mgeni au niwaache kwa orodha ya pili?