Video ya kundi la a-ha ya mchoro wa penseli: yule kijana alibaki mtu mwishoni?

fundi_vibao_Moshi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchora vibao vya maduka hapa Moshi, kibanda changu kipo upande wa Mbuyuni. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita, naombeni mnisaidie.

Nilikuwa natoka Dar kwa basi. Spika ya juu ya kiti changu ilikuwa imekufa, kwa hiyo kwenye TV ya mbele nilikuwa naona picha tu. Tulipoikaribia Same konda akaweka nyimbo za zamani za Kizungu. Ikaja moja, sikuweza kutoa macho. Binti amekaa mgahawani peke yake, anasoma kitabu cha vibonzo cha mashindano ya pikipiki. Kijana aliyechorwa kwa penseli anamkonyeza kutoka kwenye ukurasa. Binti anashtuka. Mara mkono wa yule kijana unachomoza kwenye karatasi, unasimama juu ya meza, unamngoja. Ni mistari mitupu, kivuli kimetiwa kwa mikwaruzo ya penseli, lakini ukiutazama unajua kabisa ukiushika utaukuta na joto. Binti akaushika, akavutwa ndani.

Mhudumu anarudi, anakuta kiti kitupu, anadhani mteja kakimbia bila kulipa. Anakifinyanga kile kitabu kwa hasira na kukitupa kwenye pipa la taka. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Usitupe!" Mama niliyekaa naye akauliza kuna nini, nikamwonyesha kwa kidole, naye akaanza kufuatilia.

Huko ndani ya kitabu wanafukuzwa na watu wawili, mmoja ana spana kubwa ya bomba. Hawana pa kutokea. Kijana anachana ukuta kwa mikono, maana ukuta wa kule ni karatasi, anamtoa binti, yeye anabaki. Binti anajikuta jikoni kwa mgahawa, sakafuni, kando ya pipa. Anakiokota kitabu, anakimbia nacho nyumbani, anakunjua ile karatasi na kuinyoosha. Kijana yuko chini kama amekufa. Halafu anainuka, anaanza kujibamiza kwenye mistari ya kisanduku chake. Ghafla yuko kwenye korido ya nyumba, anajigonga ukuta huu, anajigonga ule, mara mchoro, mara mtu. Tukaingia Same, konda akazima.

Siku ya pili nikamhadithia mpwa wangu, naye akaitafuta kwenye simu. Kinanda kilipoanza tu nikaweka brashi chini. Huo wimbo naujua! Ulikuwa kwenye kanda ya kaka yangu mwaka 1987, tuliupiga mpaka utepe ukalegea, tukawa tunaukaza kwa kalamu. a-ha, wale vijana watatu wa Norwei. Nimewapenda miaka yote hii kwa masikio. Huku bara TV tumeanza kuiona 1994, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Take On Me ina kisa namna hii.

Maswali yangu ni mawili. Mwishoni wanasimama wanatazamana, inaisha. Je, alibaki mtu? Na ule mstari waliufanyaje? Mstari wangu ukitetemeka mteja anakikataa kibao. Wa kwao unatetemeka mwanzo mwisho, na ndio unaompa yule kijana uhai.

dada_wa_Sakina

Shikamoo mzee wangu. Jibu la kwanza ninalo, ila litakuumiza. Tafuta video yao iliyofuata, The Sun Always Shines on T.V. Inaanza na haohao wawili, usiku, wamesimama msituni wanatazamana. Uso wa kijana unaanza kurudi kuwa mistari. Anakimbia, binti anabaki peke yake. Hapo ndipo wimbo wenyewe unaanza, na kisa chao hakiguswi tena. Mimi kwa miaka nilikuwa najua wameoana.

katuni_Ngarenaro

Mkuu, swali la pili niachie. Walipiga kwanza filamu ya watu halisi, kisha wakaifuatisha kwa penseli, picha moja baada ya nyingine. Unakumbuka shuleni tulivyokuwa tunapaka karatasi mafuta ya kupikia ili ionyeshe, tukopi ramani ya Tanzania? Ndiyo kazi ileile, ila filamu ina picha 24 kwa sekunde moja. Walichora kama michoro 3,000, wiki 16. Wachoraji ni Michael Patterson na Candace Reckinger, mwongozaji ni Steve Barron, yuleyule aliyeongoza Billie Jean ya Michael Jackson. Kutetemeka kunatokana na mkono: huwezi kuchora shavu lilelile mara mbili likalingana sawasawa. Sasa hivi kompyuta ingeunyoosha ule mstari na kijana angekufa palepale.

kanda_na_redio

Naungana nanyi, ila msiusahau wimbo. Mwaka 1984 waliutoa mara ya kwanza na video nyingine, wanaimba tu mbele ya rangi ya buluu, nje ya kwao Norwei haukwenda popote. Mwaka 1985 wakarudi na hii, ukawa namba moja Marekani, na 1986 video ikazoa tuzo sita za MTV. Watu wanasema mchoro ndio uliouokoa. Lakini katikati hapo wimbo ulirekodiwa upya na mtayarishaji Alan Tarney! Na ile sauti ya mwimbaji wao Morten Harket inavyopanda kwenye kiitikio, hata ukiwa umefumba macho inakufikisha.

fundi_vibao_Moshi

Marahaba binti yangu. Nimeitazama hiyo ya msituni mara mbili, nikazima simu nikakaa. Basi ndiyo maana alikuwa anajibamiza vile koridoni. Penseli haikumtoka yote.

Kanda na redio, kaka, sauti sikubishii, imenilea. Ila mimi kisa nilikielewa chote bila kusikia hata neno, na yule mama wa kwenye basi hali kadhalika.

Katuni, asante sana. Ya mafuta ya kupikia nilikuwa nimeisahau kabisa. Nimechukua kioo cha dirisha la zamani, nimeweka taa chini yake, na mpwa wangu amempiga video kijana ninayemfundisha kazi akipeleka brashi kwenye kopo la rangi. Sekunde moja tu, nikachapishiwa picha zake zote 24 stationari. Natoa mchoro kila jioni nikishafunga. Leo nimemaliza wa 18, brashi imebakiza kama upana wa vidole viwili kufika kwenye kopo.