Naomba ushauri: kingo za skafu zinajikunja

Habari zenu wapendwa. Baridi imenifungia ndani, wala silalamiki maadamu uzi upo. Nafuma skafu ya sufu kwa sindano za milimita 5, vitanzi 40, mstari mmoja wa mishono ya mbele (knit), unaofuata wa mishono ya nyuma (purl), ili uso utoke laini. Shida ni kingo: zinajikunja hadi skafu inakuwa kama bomba. Nimeilowesha nikaibana kwa pini juu ya taulo mpaka ikakauka; ilinyooka, lakini nikiivaa tu inajikunja tena. Pasi ya moto naiogopa, sufu ikishaharibika basi.

Je, nikiokota vitanzi pembeni na kuongeza ukingo wa kufuma mbele tu kila mstari, itatulia? Au hakuna njia ila kufumua? Nimeshapita nusu, jamani.