Mjadala: Wacuba wa Tampa na New York waliikomboa nchi yao au waliiuza?

Mwanzisha mada
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni nimebishana na jamaa mmoja mpaka kahawa ikapoa, yeye anasema uhuru unaletwa na walioko porini na bunduki, hawa wa ughaibuni ni wapiga domo tu. Nikamwambia basi hujasoma habari za Cuba.

Iko hivi. Vita ya kwanza ya Wacuba dhidi ya Mhispania ilianza 10 Oktoba 1868 na ikaenda miaka kumi. Watu wakakimbia, na biashara zikakimbia nao, mwaka 1869 tajiri mmoja wa tumbaku, Vicente Martínez Ybor, akahamishia kiwanda chake Key West, huko Florida, Marekani, baadaye 1886 akawa ameshahamia Tampa, Florida hiyohiyo, na mtaa mzima ukaitwa Ybor City kwa jina lake. Mafundi wa kuviringisha siga (zile sigara nene za mkono) wakamfuata kwa maelfu. Sasa raha ya viwanda vile, wafanyakazi walikuwa wanachangishana wenyewe kumlipa msomaji, mtu anakaa kwenye jukwaa anawasomea magazeti na riwaya huku wao mikono iko kwenye tumbaku. Yaani fundi hajui hata a wala be lakini siasa za Madrid anazijua kuliko karani.

Ndio hao José Martí, mwandishi na mpigania uhuru wa Cuba aliyekuwa anaishi New York, aliwafuata Tampa Novemba 1891. Miezi mitano haikuisha, 10 Aprili 1892 kikatangazwa chama chao, ambacho ukikitafsiri jina ni Chama cha Mapinduzi cha Cuba, msicheke. Fundi anakatwa mshahara wa siku moja kwa ajili ya vita, na anakatwa kwa hiari yake. Januari 1895 meli tatu walizoziandaa zikakamatwa na Wamarekani kule Fernandina, Florida, silaha zikashikiliwa, na bado 24 Februari vita ikaanza.

Mpaka hapo mimi ni shabiki wao. Kinachoniuma ni mwisho. Martí alitua Cuba 11 Aprili 1895, 19 Mei akauawa Dos Ríos, nafasi yake New York akachukua Tomás Estrada Palma. 1898 Marekani ikaingia vitani ikampiga Mhispania, 10 Desemba wawili hao wanasaini mkataba Paris, Mcuba hata mmoja hayupo mezani, na Desemba hiyohiyo Estrada Palma anakivunja chama eti kazi imekwisha! Imekwishaje na Januari Mmarekani anapandisha bendera yake Havana? Fundi wa Tampa aliyechanga miaka yote ile nani alimuuliza? Leteni hoja.

Mzee wa Kahawa
Mkuu umeanza vizuri umemaliza vibaya. Huyo Estrada Palma unamsema kama vile alikuwa bwana mkubwa wa sebuleni, kumbe mwaka 1876 alikuwa rais wa jamhuri ya porini, yaani serikali ya waasi, mwaka uliofuata Wahispania wakamkamata wakampeleka Uhispania jela. Alikuja Marekani baadaye, akafungua shule huko Central Valley, jimbo la New York.

Halafu tuseme ukweli, walioko porini walifanya nini cha ajabu 1898? Jenerali wao Calixto García na jeshi lake waliwasaidia Wamarekani kutua mashariki ya kisiwa, Santiago iliposalimu amri Julai wakazuiwa kuingia mjini. Kwenye mji wao! Na mwaka 1899 Máximo Gómez mwenyewe, jenerali mkuu, alikubali dola milioni 3 za Marekani ili wapiganaji warudishe bunduki waende nyumbani, baraza lao likamvua ukuu kwa ajili ya jambo hilo lakini ndo ilishapita. Kwahiyo lawama zote kuwatupia wa New York ni uonevu.

Dogo Janja wa Tanga
Sasa milioni 3 mgawanyo wake ukoje kila mtu?

Mzee wa Kahawa
Dola 75 kwa askari, dogo.

Dogo Janja wa Tanga
Miaka mitatu vichakani unapewa sabini na tano uende zako 😂 duh

Bint Pangani
Nyie kaka zangu mnabishana marais na majenerali, hakuna hata mmoja aliyemtaja Paulina Pedroso. Huyu alikuwa mama mweusi wa Kicuba pale Ybor City, yeye na mumewe walikuwa na nyumba ya kupangisha, Martí akifika Tampa anafikia kwake. Na New York kulikuwa na La Liga, darasa la usiku aliloanzisha Rafael Serra, mweusi naye, kwa ajili ya wafanyakazi weusi wa Cuba na Puerto Rico, Martí alikuwa anafundisha pale. Kumbukeni utumwa Cuba umefutwa 1886 tu, jana yake hapo! Hawa watu walichangia kwa sababu waliambiwa jamhuri itakuwa ya wote.

Sasa angalieni. 1900, vita haijapoa vizuri, Tampa hapohapo Wacuba weusi na weupe wanatengana vyama, weusi wanaunda cha kwao wanakipa majina ya Martí na Maceo, yule jenerali mweusi wa vita ya uhuru. Cuba kwenyewe 1908 weusi wakaanzisha chama chao cha siasa, na 1912 jeshi la jamhuri likawaua kwa maelfu. Mnauliza nani kamuuzia nani nchi, mimi nauliza kwanza ilikuwa ya nani.

Mzee wa Kahawa
Dada hapo sina jibu.

Mtu wa Nakuru
Niongeze kitu wasee. Mnasema wahamiaji kana kwamba walikuwa kitu kimoja. Ile bendera ya Cuba yenye nyota moja ilichorwa New York 1849 na kundi la Narciso López, jenerali aliyetaka kumtoa Mhispania kwa nguvu, na wengi wa hao walitaka Cuba iingizwe Marekani na watumwa wake ndani. Kwahiyo tangu mwanzo huko nje kulikuwa na wawili, mwenye kutaka nchi na mwenye kutaka kubadilisha bwana.

Halafu watu hupenda kulinganisha na Dar es Salaam, FRELIMO wameundwa pale 25 Juni 1962, wakaongozea vita kutoka hapo. Sawa, lakini tofauti ni mwenyeji. Tanganyika haikuwa inaitaka Msumbiji iwe mkoa wake. Marekani yenyewe ilimtolea Mhispania dola milioni 100 mwaka 1848 ainunue Cuba. Unapanga mapinduzi kwenye nyumba ya mtu anayekitamani kiwanja chako! Na waliliona mapema, mapema 1894 kulikuwa na mgomo kiwandani Key West, wakubwa wa mji wakaenda Havana kuleta Wahispania wavunje mgomo, hao hao waliokuwa wanasifiwa jana kwamba ni rafiki wa Cuba. Martí siku moja kabla ya kufa alikuwa anamwandikia rafiki yake wa Mexico kwamba kazi yake yote ni kuizuia Marekani isivienee visiwa vile.

Mwanzisha mada
Hili la mwenyeji nalikubali mtu wa Nakuru, sikuliweka na lilipaswa kuwemo. Na Bint Pangani umenifunga mdomo kwa sehemu.

Ila kwenye kuvunja chama sirudi nyuma. Kile chama hakikuwa mali ya mtu, mjumbe mkuu, yaani kiongozi wake, alikuwa anachaguliwa kila mwaka na vilabu vya wahamiaji, Martí alikiunda hivyo makusudi kwa sababu 1884 aligombana na Gómez akamwandikia kwamba taifa haliundwi kama kambi inavyoamrishwa. Sasa twende 1901. Marekani inawaambia Wacuba wekeni sheria ya Platt kwenye katiba yenu, yaani sisi tuwe na haki ya kuingia na jeshi tukipenda na mtupe vituo vya meli, la sivyo hatuondoki. Wajumbe wa bunge la katiba la Cuba wakapiga kura Juni, ikakubaliwa 16 kwa 11. Kumi na sita kwa kumi na moja jamani! Watatu tu wangegeuka. Sasa niambieni vilabu vya Tampa na Key West vingekuwa bado viko hai, vinapeleka barua, vinachangisha, vinapiga kelele kila kiwanda, hao watatu wasingepatikana?

Mzee wa Kahawa
Wangepatikana, na Mmarekani angekaa. Ndo hivyo mkuu. Wengi wa wale 16 hawakuipenda, walitaka aondoke kwanza.

Mwanzisha mada
Na aliondoka? 1906 Estrada Palma huyohuyo, sasa akiwa rais wa Cuba, ndiye aliyewaita warudi, akajiuzulu, wakakaa mpaka 1909.

Mzee wa Kahawa
Hapo hata mimi siwezi kumtetea.

Bint Pangani
Kwa faida ya mlioko huko Florida, kiwanja ilipokuwa nyumba ya Paulina saizi ni bustani ya Martí na mmiliki wake ni serikali ya Cuba. Kidogo sana, ni kona ya mtaa tu.

Dogo Janja wa Tanga
Yaani Cuba ina kiwanja Tampa na Marekani ina kituo chake Guantánamo, Cuba? Wabadilishane basi 😂