Kodi ya majengo kwenye LUKU: nyumba moja Mbeya inakatwa mara nne, na ukiuliza unazungushwa

Wakuu, hili limetufika shingoni. Sheria inasema kodi ni ya jengo na anayepaswa kuilipa ni mwenye jengo. Kinachofanyika Soweto, Uyole, Iyunga, na hata kule Kihesa Iringa, ni kodi ya mita, na anayelipa ni yeyote anayenunua umeme. Tangu Agosti 2021 makato yalipohamia kwenye LUKU mpaka leo, watu wanaolipa zaidi ya wanachodaiwa hawajui hata pa kuanzia kudai.

Viwango kwanza, maana kuna wanaobishana bila hesabu. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Nyumba ya kawaida haitakiwi kuvuka 18,000. Basi.

Sasa angalia nyumba zetu za kupangisha. Vyumba viwili mbele, viwili uani, ukuta mmoja, paa moja, kiwanja kimoja. Mwenye nyumba kaweka mita nne ili wapangaji wasigombane kuhusu umeme. Kila mita ikikatwa 1,500, jengo moja linatoa 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Hapo kuna 54,000 ambazo hakuna sheria inayozidai. Fremu za biashara ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kila fremu ina mita yake na mwenye duka hata hajui kama mwenzake wa ukuta wa pili naye anakatwa.

Halafu deni linalala. Usiponunua umeme miezi miwili, makato hayafutiki, yanakusubiri. Mpangaji mpya anaingia kwenye chumba kilichokaa kitupu, ananunua umeme wa 5,000, na 4,500 yote inakwenda kulipa miezi mitatu. Inabaki 500. Gawa kwa 1.22 kutoa VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, kisha gawa kwa 292 kwa uniti kama yuko T1 (daraja la matumizi ya kawaida): anapata uniti 1.4. Bila deni lolote 5,000 ile ile ingempa uniti 14. Huyo hajawahi kumiliki hata tofali. Serikali ilisema wazi toka mwanzo kwamba mpangaji akikatwa, arejeshewe kwenye kodi ya pango. Wangapi wamerejeshewa? Mpangaji, tunza risiti zote, zijumlishe, na siku ya kulipa pango mpe mwenye nyumba hesabu kwa maandishi. Ukienda kwa mdomo utaambiwa "tutaona".

Namna ya kudai mita za ziada ziondolewe, kwa wenye nyumba. Andika namba zote za mita, tarakimu 11 kila moja, na mbele ya kila namba uandike chumba au fremu inayohudumiwa. Chagua mita moja ibaki na makato, ikiwezekana ile ya kwako mwenyewe. Nenda kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua kwamba mita hizo zote zipo kwenye jengo moja. Barua itaje kiwanja au namba ya nyumba, maana barua inayosema tu "ni mkazi wetu" inarudishwa. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, hati au mkataba wa mauziano, na risiti za kila mita zinazoonyesha makato. Peleka TRA, kwa sababu TANESCO ni mkono wa kukatia tu, na hapo ndipo wengi wanapoteza nauli wakitupwa huku na kule. Kubwa kuliko yote: beba nakala ya pili na igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, ukirudi mwezi ujao unaanza upya.

Mwanzo wa mwezi unaofuata nunua umeme kidogo tu, 2,000 inatosha, kwenye kila mita iliyoombewa kuondolewa. Soma mistari ya risiti. Kodi ya jengo inakaa mstari wake, mbali na VAT. Ikiwepo bado, rudi na nakala yenye muhuri.

Wazee wa miaka 60 na kuendelea wana msamaha kwa nyumba moja wanayoishi, na watu wenye ulemavu vilevile. Nyumba za tope nazo hazidaiwi. Lakini mita haijui umri wa mtu! Msamaha lazima uombwe, kwa barua ya mtaa na kitambulisho. Mnaoishi mjini na wazazi wako Rungwe au Mafinga, fuatilieni nyie. Ni aibu bibi wa miaka 78 kukatwa 1,500 kila mwezi kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Na msichanganye na pango la ardhi. Hilo ni la kiwanja, linalipwa kwa namba ya malipo ya Wizara ya Ardhi, na LUKU haihusiki.

Sasa bajeti. Tunamfokea diwani kwamba tunalipa kodi ya majengo na mtaro haujazibuliwa. Fedha ya LUKU inaingia mfumo wa Serikali Kuu kwanza, haiangukii kwenye akaunti ya halmashauri kama ushuru wa soko au wa stendi. Barabara za mitaa ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, nazo zina bajeti yao. Diwani anayetakiwa kubanwa abanwe kwa swali linalomhusu: kwenye kitabu cha bajeti, kodi ya majengo imekisiwa kiasi gani, na mpaka robo hii kimepokelewa kiasi gani? Namba mbili. Akijibu kwa hotuba, hajasoma kitabu.

Muda nao ni muhimu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mapendekezo yanatoka mtaani, yanapita kamati ya maendeleo ya kata, kisha kamati ya fedha, na baraza la madiwani linapitisha mapema mwaka wa kalenda unapoanza, miezi kabla ya Julai. Anayekuja kulalamika mwezi Juni amekuta mlango umefungwa. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, ingieni mkae.

Tunachodai: mita zihakikiwe nyumba kwa nyumba kwa kushirikiana na watendaji wa mitaa, na kilichokatwa zaidi kihesabiwe kuwa malipo ya miezi ijayo kwenye mita iliyobaki. Kama mfumo unakumbuka deni la miezi mitatu, hauwezi kushindwa kukumbuka ziada.

Mwenye barua yenye muhuri na bado anakatwa mita zaidi ya moja, aandike hapa kata yake, idadi ya mita na mwezi aliopeleka barua. Namba za mita msiweke. Orodha hiyo ipelekwe kwa madiwani kabla kamati ya fedha haijakaa.